Bwana Kibandiko na Mkono Uliochorwa kwenye Pipa

Miaka thelathini na mmoja na miezi miwili afisa wetu wa usalama na afya kazini amekitumikia kiwanda hiki cha makufuli. Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, atarudisha kitambulisho getini na kwenda kwake kupumzika. Jina lake limeandikwa mlangoni pa ofisi yake, anayelitaka akalisome. Sisi aliotukuta hapa tukamlea tunamwita Bwana Kibandiko, na siku hizi hata mkewe anamwita hivyo.

Binti wa jarida la kiwanda alikuja nyumbani kwangu na karatasi ya kunionyesha wasifu wa mstaafu unavyoandikwa: kwanza miaka, halafu vyeo, halafu mafanikio, kisa kimoja cha kuchekesha, mwisho shukrani. Nikamwambia niliishia darasa la nne, lakini kuandika naandika. Mjukuu wangu amenyoosha tahajia tu, maneno nimemkataza kuyagusa. Aliyetaka niandike mimi ni mstaafu mwenyewe. Sababu yake nitaifikia, na mkishaisoma mnisaidie, maana naandika huku kichwa kinanizunguka.

Alianzia stoo. Alikuwa kijana mwembamba, kalamu sikioni, suruali imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate. Kazi yake ilikuwa kupokea mapipa na kuyapanga. Enzi hizo kila kitu cha majimaji humu kiwandani kiliitwa dawa. Kulikuwa na dawa ya grisi, ya kuoshea vyuma kabla ya kupakwa rangi. Kulikuwa na dawa ya kutu, dawa ya kung'arisha, dawa ya kupoza mashine. Na kitu ukishakiita dawa, watu watakitumia kama dawa, hata uwaambie nini. Fundi mmoja wa mashine ya funguo alijipaka dawa ya grisi kwenye fangasi za miguu. Wifi yangu alinibembeleza nimpelekee kichupa asugulie magoti, na nilimpelekea, sifichi. Akasema yanapata ubaridi mzuri sana. Kisha ngozi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, na wifi hakunisemesha mwaka mzima. Ulikuwa mwaka wa amani.

Kibandiko aliyaona hayo yote kutoka dirisha la stoo. Akaandika barua kwa Meneja wa wakati ule, akapelekwa kusoma miezi sita, akarudi na cheo kipya na koti jeupe. Akaanza kwa pupa. Alibandika neno SUMU, kwa wino mwekundu, kwenye kila pipa, kila kopo na kila chupa. Hata sabuni ya kufulia iliandikwa SUMU. Hata gundi ya bahasha. Wiki ya kwanza watu waliogopa kweli. Wiki ya pili mtu akitaka chai anasema, nimiminie sumu kidogo. Mwezi haujaisha, neno lenyewe lilikuwa limekufa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba amelichosha neno zito mpaka limekuwa la utani, na kwamba mtu anayepiga kelele kila saa hasikiki siku nyumba inapoungua. Aliinamisha kichwa, akaenda kubandua vibandiko vyote mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kisu cha jikoni. Nilimpenda siku ile. Mtu wa ofisini kukubali kosa lake bila kutafuta wa kumsingizia, nilikuwa sijamwona.

Halafu kukawa na vita vya maziwa. Tulikuwa tukipewa pakiti ya maziwa kila mmoja mwisho wa zamu, na kila mtu aliamini maziwa yanaosha kifua. Ukivuta mvuke wa dawa siku nzima, ukinywa maziwa, umepona. Kibandiko akasimama kwenye mkutano akasema maziwa ni chakula, yanakwenda tumboni, na mvuke uko kwenye mapafu na kwenye damu, hayakutani. Akasema tunachohitaji ni mfuniko wa tangi la kuoshea vyuma na feni ya kuvuta hewa chafu nje. Wallahi nusura apigwe. Watu walisikia jambo moja tu, kwamba anataka kutunyang'anya maziwa. Mimi mwenyewe nilimwita mnyonyaji, na kiatu nilikuwa nimeshakivua. Ilimchukua miezi minne kwenda na kurudi kwa Meneja, na mwisho tukapata feni, tukapata mfuniko, na maziwa yakabaki. Wiki mbili tu baada ya feni kuanza kuzunguka, wanawake wa Chumba cha Kuoshea tuliacha kuumwa kichwa. Mwenzetu aliyekuwa akipotea njia ya kwenda kwake kila akitoka kazini, tukimcheka kwamba ana mapenzi ya siri, akaanza kufika nyumbani moja kwa moja. Kumbe hakuwa na mpenzi wala nini. Alikuwa amelewa mvuke.

Ilipofika zamu ya barakoa za mpira, aliwaeleza wanaume kwamba barakoa haikai vizuri kwenye ndevu, hewa mbaya inapita pembeni. Wakagoma. Ndevu ni heshima ya mtu, walisema, na yeye mwenyewe ana sharubu nene kama brashi ya viatu, anawanyoa wenzake kwanza? Kesho yake akaja kazini uso mtupu kama yai. Mtoto wake alikuwa amemlilia asubuhi, hamjui. Wanaume wakacheka mpaka wakachoka, kisha wakanyoa.

Sasa nafika mahali pagumu, na binti wa jarida alinishauri nipapite haraka. Sipapiti.

Miaka kumi na tisa iliyopita dawa ya kutu ilibadilishwa. Ikaja mpya, kwenye mapipa ya bluu, ina maandishi ya kigeni na kibandiko chenye picha. Kibandiko kililetwa pamoja na mzigo, na kazi ya Bwana Kibandiko ilikuwa kukibandika mbele, panapoonekana. Akabandika. Picha ilikuwa hivi: chupa imeinamishwa, matone yanadondoka, na chini yake umenyooshwa mkono wa mtu.

Wakati ule mimi nilikuwa kiongozi wa zamu katika Chumba cha Kuoshea, na wanawake wanne chini yangu. Mikono yetu ilikuwa myeusi kwa grisi na kutu, sabuni haitoi, mchanga hautoi, ukikanda unga nyumbani watoto wanauangalia kwanza. Tukaona pipa jipya. Jina lake dawa ya kutu. Picha yake mkono chini ya matone. Niambieni nyie mliosoma, mngeelewa nini? Mimi nilielewa kwamba hatimaye kuna mtu ametukumbuka, ametuletea dawa ya kunawia. Nikawaita wenzangu. Nikafungua bomba la pipa, nikanawa wa kwanza, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kutu ikatoka yote. Tulionyeshana viganja, tukataniana kwamba leo tutaonekana wake wa matajiri.

Dawa ile haiunguzi papo hapo, ndiyo ubaya wake. Ilianza kuuma jioni nikichambua mchele, na haikuuma ngozi, iliuma ndani ya mfupa. Siku ya pili sote watano tulikuwa hospitali. Wenzangu walipona, mmoja alipoteza kucha. Mimi vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, havikunjiki mpaka leo. Ndiyo maana mwandiko wangu uko hivi.

Kibandiko alikuja wodini kila siku. Alikaa kwenye stuli kama mtu aliyekuja kulazwa yeye. Siku ya sita alitoa kibandiko mfukoni, akakiweka juu ya shuka, akaniuliza hapo naona nini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akajifunika uso kwa mikono. Kumbe picha ile maana yake ni kwamba kitu hiki kinakula mkono. Ilikuwa inasema usiguse, sisi tukasikia karibu unawe.

Tangu siku ile hakubandika kitu kiwandani bila kuniletea kwanza. Nilipotoka hospitali nilihamishiwa kwenye ufagio na birika la chai. Nilijua wamenionea huruma kwa ajili ya vidole, na nilimpelekea mkewe mboga za shambani kwa shukrani. Nikawa nafagia, na kila kibandiko kipya kikifika ananifuata popote nilipo, ukumbini, chooni nikisafisha, ananionyesha na kuuliza. Nikielewa sawa, kinabandikwa. Nikielewa vibaya, anakichana. Yeye aliandika maneno marefu, kwamba mvuke huu huathiri mfumo wa fahamu. Nikamwambia hakuna mtu atakayesimama mbele ya pipa kusoma hotuba, sisi tunasema tumelewa. Tukaandika INALEWESHA. Siku tatu baadaye vijana wawili wa idara ya kufunga maboksi walikutwa wameinama juu ya tangi wanavuta kwa raha zao, eti wamesoma. Tukabadilisha, tukaandika INAHARIBU AKILI. Hiyo hakuna aliyeitamani. Kwenye mapipa ya bluu tuliandika INAKULA MFUPA, na hayo maneno ni yangu mimi, kila herufi. Hata baada ya mimi kustaafu, miaka minne sasa, alikuwa akija kwangu Jumamosi na bahasha yake, anakunywa chai, ananionyesha picha. Kwa miaka yote hiyo kumi na tisa hakuna mtu aliyeumia humu kiwandani kwa kutoelewa kilichoandikwa kwenye pipa. Hayo ndiyo mafanikio yake, mwenye wivu ajinyonge. Mengine, kama makabati mawili kwa kila mfanyakazi ili nguo za kazi zisipeleke vumbi kwa watoto, na vipimo vya damu kila miezi sita, yako kwenye ripoti zake.

Wiki tatu zilizopita alikuja Jumamosi kama kawaida. Nikajua ana kibandiko. Akatoa karatasi, akaiweka mezani, akaniomba nisome. Mimi nasoma polepole, kama mtu anayechambua choroko. Ilisema ajali ya Chumba cha Kuoshea imesababishwa na uzembe wa kiongozi wa zamu, aliyewahamasisha wenzake kutumia kemikali bila idhini, na inapendekezwa aondolewe uongozi. Chini kulikuwa na saini. Nikamuuliza huyu kiongozi ni yupi.

"Ni wewe, dada," akasema. "Na aliyeandika ni mimi."

Akanieleza yote, chai ikapoa. Meneja wa wakati ule alimwita akamwambia lazima karatasi iwe na mwenye kosa, ama aliyenawa ama aliyebandika. Naye Kibandiko wakati huo ana mtoto mchanga na cheo kipya. Akaandika mimi. Ufagio niliodhani ni huruma ulikuwa adhabu, na mimi nilishukuru kwa mboga. Nikamuuliza kwa nini amekaa kimya miaka yote hiyo, anakuja kwangu, anakunywa chai yangu, anataniana na wajukuu zangu.

Akasema, "Niliogopa utaacha kuniangalizia vibandiko, halafu aungue mwingine."

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama, na haijatoka. Angesema aliogopa kufukuzwa kazi, ningejua pa kuiweka hasira yangu. Angesema aliona haya, ningejua pia. Lakini jibu hili nikiligeuza huku naona ni upendo wa watu, nikiligeuza kule naona ni ujanja wa mtu anayejua kutumia wenzake. Asubuhi nikifagia uwanja namwita mnafiki. Adhuhuri nawafikiria wale wote ambao hawakuungua, na wengine nawajua watoto wao, na siwezi kusema kwamba alikosea kuogopa. Maana kweli ningeacha. Ningemfungia mlango siku ileile. Na pipa lililofuata lingemuunguza nani? Nimemuuliza mjukuu wangu, akasema bibi, ni vyote viwili. Hao ndio wasomi wa siku hizi, ukiwauliza njia wanakuonyesha zote.

Kilichobaki kilikuwa uamuzi wangu mimi. Meneja wa sasa alimwambia Kibandiko wazi kwamba karatasi ile inaweza kusahihishwa mimi nikiomba, lakini ikisahihishwa itaonekana alisaini taarifa ya uongo, na cheti cha utumishi usio na doa hatakipata. Kibandiko mwenyewe alitaka nikaombe. Mkewe alinipigia simu, akaniuliza mambo ya kisima, mambo ya mvua, mambo ya mguu wangu, na cheti hakukitaja hata mara moja. Nilimwelewa.

Nilikaa nalo siku tisa. Nilijiuliza mtu wa miaka yangu anahitaji nini kwenye faili ambalo hakuna anayelisoma. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyewaita wale wanne. Niliwaambia njooni. Kama ule ulikuwa uzembe, basi nimewaunguza wenzangu kwa uzembe, na vidole vyangu si chochote. Lakini haukuwa. Niliangalia, nikasoma kilichokuwepo, nikatangulia kuweka mikono yangu mimi. Mtu mzembe haangalii. Nimelea watoto watano na kuongoza zamu miaka minane bila kuitwa jina hilo, na sikuona kwa nini nikubali kulibeba sasa, liwe zawadi yangu ya kumuaga. Zawadi nitatafuta nyingine.

Jumatatu iliyopita tukakaa watatu kwa Meneja, yeye, mimi na Kibandiko. Nikaomba. Meneja akauliza maneno gani yawekwe mahali pa yale. Kibandiko akadakia, yaandikwe uzembe wa afisa usalama. Nikamkatalia palepale. Neno lile lile chafu, kulitoa kichwani kwangu na kulivika kichwani kwake, si kusahihisha, ni kuhamisha uchafu kwa ufagio, na kazi ya ufagio naijua kuliko wote mle ndani. Kosa lake ni saini, na hilo tayari lina adhabu yake. Ya pipa ni mengine. Nikamgeukia Meneja. Kisha nikamwambia, "Andika: walinawa kwa sababu picha iliwaambia wanawe."

Ameandika hivyohivyo. Nimesaini mimi, kwa vidole vitatu, na Kibandiko amesaini chini yangu. Kwa hiyo Ijumaa mkiona hapewi cheti, msianze kunong'onezana kama kuku wanaogombea pumba. Mmeshasikia sababu, na ameichagua mwenyewe akiwa na akili zake. Ndiyo maana alitaka niandike mimi, mwusikie ukweli kwa aliyesingiziwa, na Meneja amekubali haya yachapishwe yote. Na binti anayeshika nafasi ya Kibandiko ameshaniletea vibandiko viwili. Kimoja nimekikataa.

Bwana Kibandiko, waliokuwa Chumba cha Kuoshea na waliomo sasa wanakushukuru kwa kila pumzi wanayovuta bila kukohoa. Wanaume wanakushukuru kwa mapafu, ndevu watafuga tena. Tunakuombea siku ndefu zenye hewa safi, mwili mzima, na mke asiyechoka kukukuta nyumbani mchana kutwa. Kama nimekusamehe au la, mdogo wangu, usiniulize, maana mwenyewe sijui, na sitaki kukudanganya kwenye karatasi, umeona karatasi zinavyokaa. Siku nikijua nitakuja kwako kwa miguu yangu nikuambie, iwe ndiyo au hapana. Kabla ya hapo usikae kwako kuningoja. Jumamosi njoo.